Mtandio Mweusi Chini ya Boriti

Hooyo,

Wajukuu wako hawajambo, na mwanao Abdi hajambo, anakohoa kidogo tu. Nimewataja wao kwanza kwa adabu, maana nakujua. Ulikuwa ukirudi kutoka Elwak kwa ndugu zako, hata viatu hujavua, shingo juu, unakagua boriti moja baada ya nyingine, ndipo unageuka kutusalimu sisi binadamu. Kwa hiyo barua hii ni ya nyumba. Kaa vizuri nikusimulie tangu mwanzo, na usinikatize.

Sijawahi kumwandikia mtu aliye kaburini. Mimi ni fundi cherehani, kalamu naishika kuandika vipimo vya mabega na viuno. Lakini tangu tukuzike, kila likitokea jambo humu ndani nageuka kukwambia, na nafasi yako kwenye mkeka iko wazi. Nimechoka kuzungumza na ukuta. Nakukosa, Hooyo. Nimelisema hilo sasa hivi ili nisije nikalia katikati ya habari yenyewe.

Unakumbuka nilivyoingia nyumba hii? Binti wa Kipokomo kutoka mtoni kule chini, sijui Kisomali isipokuwa salamu. Majirani walikuja kumtazama bibi harusi, na wewe ukawaonyesha paa. Wallahi, paa! Ukanishika mkono mbele yao, ukanisimamisha chini ya boriti kuu, ile ya mkoma inayokata sebule kutoka ukuta hadi ukuta, ukaigonga kwa mchi. "Sikiza," ukasema. "Boriti nzuri nalia kama chuma. Hii mimi na baba yao tulileta na punda, na hakuna mdudu imeonja." Nikajisemea moyoni, nimeolewa kwa wendawazimu. Halafu ukaniita "hooyo", mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita mtoto wake kwa neno lilelile ambalo mtoto humwita yeye. Tangu siku hiyo tukaitana hivyo, hooyo kwa hooyo. Kiswahili chako cha sokoni, ulichokiokota ukiuza maziwa ya ngamia, ulikitumia kwa ajili yangu hata mezani, mpaka wanao wakaona wivu.

Kila kiangazi kikielekea kuisha, kabla mawingu hayajaanza kujikusanya, kulikuwa na siku ya boriti. Watu wengine wana siku ya kufua mapazia. Wewe ulitandika mtandio wako mweusi sakafuni chini ya boriti, ukauacha hapo tangu swala ya alfajiri mpaka adhuhuri, na ole wake atakayeukanyaga. Kisha unaubeba taratibu mpaka mlangoni kwenye mwanga. Ukiwa na unga mweupe, dumuzi yuko juu anatafuna mti. Ukiwa mweusi vilevile ulivyotandikwa, unaukung'uta, unajifunga, unakwenda nao sokoni ukiringa. "Nyumba nasema," ulikuwa ukiniambia. "Wewe sikiza tu."

Ulinifundisha kuwatofautisha. Mchwa hutoka chini ardhini, hujenga kijia chake cha udongo ukutani, hataki kuonwa na jua. Dumuzi yeye huruka. Hutaga kwenye mti, mtoto wake hukulia humo ndani akila kidogokidogo, na akishakuwa mkubwa hutoka akaacha tundu dogo na kichungu cha unga laini. Tundu la kupita sindano. Mimi la sindano nalijua, hukuhitaji kunieleza mara mbili.

Na maringo yako, Hooyo! Paa la jirani yetu wa nyuma lilipoinama, watu walikwenda kumpa pole. Wewe ulikwenda na mchi. Ukagonga boriti zake zote mbele ya wageni, ukatoa hukumu: "Hii nakufa. Hii kwisha kufa. Hii nangoja wewe ulale." Nilikuwa nyuma yako natamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini yule jirani alizitoa zote ulizozihukumu, na mpaka leo paa lake limenyooka. Alipokuja kwenye msiba wako alilia kuliko wanao.

Sasa habari za baada yako.

Wageni wa msiba walipoondoka, nyumba ilibaki safi kupita kiasi. Hakuna anayeuza maziwa tena. Vibuyu vyako vilitundikwa ukutani vikakauka, chai tukawa tunapika kwa gesi. Kile chumba cha nyuma, ulimokuwa ukivifukiza vibuyu vya maziwa kila asubuhi kwa vijinga vya moto mpaka macho yakatuwasha sote, kikapoteza harufu yake. Watoto wakahamia kulala humo. Siku moja baada ya alasiri nikainua mkeka wa kuswalia, nikaona umemwagikiwa na unga. Kidogo tu, mweupe, laini kuliko poda. Nikaugusa kwa kidole, nikainua shingo kama wewe.

Abdi akafanya wafanyavyo wanaume wote wa mtaa huu. Akaenda gereji akaomba oili chafu ya magari, akaimwaga chini ya kila nguzo. Nikamwambia, baba watoto, huyu si mchwa, mdudu yuko juu ya kichwa chako. Akanijibu kwamba mdudu ni mdudu. Sakafu yangu mpaka leo ina mabaka meusi, na dumuzi huko juu waliendelea na chakula chao bila bughudha.

Ndipo akaja mwanao Yusuf. Alifunga duka lake kule Elwak akaja kukuombea dua, na alipoingia chumba cha nyuma kuwaamkua watoto, unga ukamwangukia begani juu ya shati. Akaupangusa. Akatazama juu kwa muda mrefu. "Shemeji, hapa nalala watoto," akaniambia. "Hii nyumba tunabomoa. Tunajenga ya mawe, na juu saruji tupu. Sitaki mbao hata moja." Sitakudanganya, Hooyo, hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Naye ndiye mkubwa, neno lake ndilo la mwisho.

Lakini mimi nilihisi unazikwa mara ya pili. Picha zako hatuna, isipokuwa ile ya kitambulisho ambayo ulisema si wewe, ni mwizi fulani. Vitu vyako vimegawanywa kama sheria inavyotaka. Kilichobaki chako chenye sauti ni boriti hizi. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, kwa hiyo nikamwambia: shemeji, nipe mpaka mvua. Mvua ikifika dumuzi hutoboa wakaruka, na unga huanguka. Siku hiyo tutautandika mtandio wa mama yako, na ukiwa na unga, leteni nyundo, pigo la kwanza nitapiga mimi. Akanitazama kama anapima kitambaa asichokiamini. Akakubali. Watoto nikawahamishia sebuleni siku hiyohiyo, chini ya boriti yako ya mkoma.

Nikachukua mchi wako, nikaanza kugonga. Ile ya mkoma ililia kama chuma. Nyingine za zamani pia, zote nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye boriti mbili tu za chumba cha nyuma, zile za mathenge. Unazijua kuliko mtu yeyote. Ni zile ambazo Yusuf na Abdi waliziweka walipoongeza kile chumba, msimu ule ulipokwenda Elwak kumuuguza kaka yako. Mathenge umejaa kila mahali hapa Garissa, mti wa miiba unaoozesha meno ya mbuzi, na kila mwanaume wa hapa atakuapia kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuula. Basi wanao wakaukata mvua ikinyesha, mbichi, na maganda yake, wakaupandisha juu siku ileile, wakajipongeza kwa soda. Uliporudi ukatazama juu ukasema, "Mti imekunywa sana. Ilitaka kulala kwanza." Wakacheka. Nawe ukacheka nao. Baada ya hapo sikukusikia tena ukizitaja boriti hizo, wewe uliyekuwa ukikagua mpaka dari za watu waliokualika harusini.

Nilipanda ngazi kuzitazama kwa karibu. Zilikuwa nyeusi kwa masizi. Nikayakwangua kwa ukucha, na chini yake nikaona kitu cha kahawia, kigumu, kinang'aa. Nikadhani ni utomvu wa mti wenyewe. Nikakwangua pengine, nikakikuta tena. Nikasogeza ngazi, nikakikuta tena. Lilikuwa ni tundu baada ya tundu, boriti nzima, na kila tundu limezibwa kwa malmal. Ile malmal uliyokuwa ukiletewa kutoka Elwak, utomvu mchungu wenye harufu, uliotuambia ni dawa ya tumbo lako. Kati ya hayo yaliyozibwa kulikuwa na matundu mapya yaliyo wazi, yaliyotobolewa baada ya wewe kufa. Nikakaa juu ya ngazi hapohapo.

Tumbo lako halikuwa na ugonjwa, Hooyo. Wala hukuhamishia vibuyu vyako chumba cha nyuma kwa sababu ya upepo wa uani, kama ulivyotuambia. Ulihamisha moshi. Kila asubuhi ulikaa na vijinga vyako chini ya boriti zile hasa, sisi tukilalamika kwamba shuka zinanuka, na wanao wakisema uzee umemfanya mama apende kujifungia. Moshi haumuui dumuzi aliye ndani ya mti, hilo ulinieleza zamani. Kazi yake ni kumkatalia aliye nje asije akataga. Na wale waliokuwa ndani ukawasubiri. Kila aliyetoboa akatoka, ulipanda ngazi na miguu yako ile iliyovimba, ukaliziba tundu lake, ili likifunguka jingine ujue bado wapo. Hivyo ndivyo ulivyowazuia wasihamie kwenye boriti za zamani miaka yote hiyo, na hukumwambia mtu.

Wewe! Uliyejisifia chai yako, ngamia wa baba yako, mpaka meno yako! Uliyemhukumu jirani mbele ya wageni! Kosa la wanao ulilifunika kwa moshi mpaka ukaingia kaburini, wasije wakaona haya kwa kazi ya mikono yao. Nimekuheshimu kwa mambo mengi, lakini hili limenizidi kimo. Mimi nisingeweza. Ningewasimanga kila Idi, na mbele ya wake zao.

Nilijiuliza kama niwaambie. Nikaona kwamba kama wewe ulinyamaza, mimi ni nani wa kupasua? Nikasema tu kwamba boriti mbili zitashushwa na kuchomwa, na za badala nitazitafuta mimi. Hapo sasa utacheka. Unakumbuka nilipokueleza kwamba watu wetu wa mtoni hulaza miti majini kabla ya kujengea? Ulishika mbavu. "Mti si samaki, hooyo," ukasema, na kila mgeni aliyekuja wiki ile ulimsimulia. Basi mti umekuwa samaki. Nilikwenda kwa binamu yangu mwenye shamba kando ya Tana, tukakata miti iliyokomaa, kwenye ukavu ule wa kiangazi ambao mti haujanywa kitu. Tukaibambua maganda, tukaizamisha kwenye mfereji wake na mawe juu. Ilikaa humo mpaka ikanuka vibaya, binamu yangu akawa anapita mbali. Ule utamu anaoufuata dumuzi ukatoka wote na maji. Kisha tukaianika kivulini. Boriti za zamani zilizo jirani na zile mbovu nikazipaka dawa ya mbao ya dukani, maana wewe hukuwa mtu wa kudharau cha dukani. Ulisema mdudu haulizi dawa imetoka wapi.

Yusuf alikuja kwa ajili ya kuzishusha. Yeye na Abdi wakaishika ya kwanza, mmoja huku mmoja kule, na ikawakatikia mikononi. Ndani ilikuwa unga mtupu. Wakatazamana. Wakazirundika uani, Yusuf akawasha moto mwenyewe.

Mwanzoni ulikuwa moshi wa mathenge tunaoujua. Kisha malmal ikashika moto. Hooyo, uani kote kukanukia wewe. Mtandio wako, viganja vyako, maziwa yako ya asubuhi, vyote vikatoka kwenye moto ule. Abdi aligeuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma kama vile unatoka sasa hivi na kibuyu mkononi. Nami niligeuka. Yusuf akachukua fimbo, akakivuta nje kipande kimoja, akakigeuza, akaona matundu yamejipanga na malmal inachuruzika kutoka kila moja. Akachuchumaa mbele ya moto, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. "Hooyo alijua," akasema. "Walaal, ndugu yangu, hooyo alijua siku zote." Akalia kwa sauti. Abdi alimshika bega, naye machozi yanamtiririka. Siri haikutoka kwangu, uniamini. Umeitoa mwenyewe.

Alitaka kukihifadhi kile kipande kama kumbukumbu. Nikakichukua mkononi mwake nikakirudisha motoni. Dumuzi aliye kwenye kumbukumbu ni dumuzi vilevile, na ungenitoa roho kama ningemruhusu kukiingiza ndani. Alinitazama kwa hasira, kisha akacheka katikati ya machozi. Akasema nimekuwa wewe. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na sijazipata nyingi.

Hata hivyo hakunipa nyumba siku hiyo. Wewe ulimzaa, unamjua. "Mtandio utasema," akaniambia, akarudi Elwak. Boriti mpya zilipokwisha kupandishwa, nami nikashusha vibuyu vyako ukutani, nikaanza kufukiza chumba cha nyuma. Nisikufiche, bado sijaweza. Nusu ya moshi inaingia machoni mwangu, na kibuyu kimoja nimekiunguza mdomo. Abdi hulalamika mashuka yananuka, kisha anakumbuka, ananyamaza.

Mvua imefika wiki hii. Yusuf alitangulia kabla barabara haijakatika, akaja kwa lori la mbuzi, matope mpaka magotini. Jana baada ya alfajiri nikautandika mtandio wako chumba cha nyuma, katikati kabisa, chini ya boriti mpya na za zamani zilizo jirani. Nikafunga mlango. Yusuf akakaa barazani na chai yake mkononi mpaka ikapoa, hakuinywa. Mimi nilijaribu kushona nikashona mkono wa gauni ndani nje. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuchagua nitakuaga kwa maneno gani.

Adhuhuri ilipoadhiniwa hakunisubiri. Aliingia mwenyewe. Aliushika mtandio kwenye pembe zake taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akaubeba mpaka mlangoni kwenye mwanga. Akainama. Akapitisha kiganja juu yake, akakitazama kiganja, akapitisha tena. Kulikuwa na kinyesi kimoja cha mjusi, ambacho sisi watu wazima watatu tulikijadili kwa makini sana. Zaidi ya hapo hakukuwa na chembe. Yusuf akakung'uta mtandio, akaukunja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Halafu akaingia ndani, akachukua mchi, akaigonga boriti yako ya mkoma mara moja. Akasimama akiisikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Watoto walale chumba cha nyuma," akasema. Basi, ni hayo tu. Nikaenda jikoni nikalia juu ya sinia la unga wa mikate ya anjera.

Nakuaga, Hooyo, swala imekaribia na mkono wangu umezoea mkasi, si kalamu. Allah akurehemu, akupe nyumba isiyoliwa na kitu. Naahidi kwamba kila kiangazi kikiisha nitautandika mtandio wako, na wajukuu wako nitawafundisha kugonga na kusikiliza, wa kike kwa wa kiume. Moshi wa asubuhi hautakatika nikiwa hai. Naahidi pia kwamba makosa ya watu wa nyumba hii nitajaribu kuyafunika kama ulivyoyafunika wewe. Hilo la mwisho usinidai sana, unajua mdomo wangu.

Leo nimeutandika tena, sebuleni, chini ya boriti kuu. Hakuna aliyeniambia niutandike. Nilitaka tu kukupa habari kamili, na nimetoka kuutazama sasa hivi.

Lala, Hooyo. Mtandio ni mweusi. Mweusi ti.

Mimi hooyo wako,
Hadija